Lita 3 za Oili Yangu Zilikwenda Wapi?

Nina Hilux ya dizeli, ile ya D-4D lita 3, na ndiyo inayonilipia ada za watoto. Msimu ukifika inabeba zabibu za Hombolo na Mpunguzi, hapa Dodoma, inabeba alizeti, na katikati ya misimu inabeba matenki ya maji kuwapelekea wanaojenga Nzuguni na Ihumwa. Mara nyingi naiendesha mwenyewe. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu wa kuniambia, kama nilivyoambiwa siku ile, kwamba nimlete mzee ndiyo tuzungumze mambo ya gari.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, mavuno ya zabibu yameshapita. Wiki gani sikumbuki, ila sura ya yule fundi naikumbuka mpaka mkunjo wa kola yake.

Miaka yote nilikuwa naweka oili ya 15W-40 ya kawaida, ile ambayo karibu kila mwenye pikapu huku anaweka, na gari halikunisumbua. Kilichonifanya niwaze oili ya sintetiki ni tabo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Nimepanda Nyang'oro mara kadhaa nina mzigo naelekea Iringa, na ukifika kule juu ukasimama, unausikia ule moto unavyotoka chini ya boneti. Tabo inazunguka kwa kasi ya kutisha huku imeshika moto, na kinachoilinda ni utando mwembamba wa oili tu. Oili ikiungua mle ndani inaacha ukoko, kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na ukoko ule ndio unaokuja kumaliza beringi zake. Sintetiki inavumilia joto hilo muda mrefu zaidi kabla ya kuungua. Basi, sikutaka gari likimbie zaidi wala linywe mafuta kidogo. Nilitaka tabo yangu ipone.

Nikaenda gereji moja ya hapa mjini yenye duka la spea mbele. Nikasema nataka sintetiki, 5W-40, yenye herufi za dizeli. Fundi aliyekuwa ameegemea kaunta akacheka.

"Mama, hiyo ni ya wazungu wa kwenye barafu. Jua hili la Dodoma utaweka hiyo? Hiyo ni maji, injini inakufa. Mwambie mzee aje tuongee naye."

Nikamjibu, kwa heshima kabisa, kwamba W ile ni ya majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa bado haijapata moto. Namba ya nyuma ndiyo unene wake ikishafika nyuzi 100. Kwa hiyo 5W-40 yangu na 15W-40 yake zikishachemka ziko daraja moja la unene, na jua la Dodoma haliongezi wala halipunguzi kitu hapo. Tofauti iko alfajiri, gari limelala nje, na anayejua Dodoma ya Juni na Julai anajua hiyo alfajiri inataka koti. Oili nyepesi inawahi kufika juu ya injini, na injini inalika sana sekunde zile za kuwaka kabla oili haijaenea.

Hakunisikiliza. Akamgeukia mwenzake akasema kitu, wakacheka wote wawili.

Hapa niseme neno kwa anayetafuta, kwa sababu na mimi nilikaribia kuuziwa visivyo. Galoni la kwanza alilonitolea lilikuwa limeandikwa sintetiki kwa herufi kubwa, lakini ukigeuza nyuma unakuta SN peke yake. Herufi ya S ni ya injini za petroli, ya dizeli ni C. Niliyoichukua mimi ilikuwa na CI-4, daraja lililotoka mwaka 2002 kwa ajili ya injini za dizeli zinazorudisha moshi wake ndani na kuijaza oili masizi. Usiishie kwenye neno sintetiki. Neno hilo siku hizi linabeba mengi, kuna iliyoundwa kiwandani kwa kemikali na kuna mafuta ya kawaida yaliyosafishwa sana mpaka yakabadilika. Soma nyuma ya galoni.

Nikalipa magaloni mawili ya lita 5, Sh150,000 kila moja. Injini hii, ukibadilisha na filta, inakunywa karibu lita 7. Lita 3 zinabaki, na hizo nilizipangia kazi: kujazia nikiwa safarini. Nikakaa kwenye kreti la soda nikiangalia wakifungua nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, oili ya zamani ikatoka nyeusi kama wino. Filta ikafungwa, mpya. Kisha yule fundi akaniambia niende ndani nikamalizie hela ya ufundi, mhasibu anataka kutoka. Nikaenda. Sikukaa hata dakika 10.

Niliporudi boneti lilikuwa limeshafungwa na magaloni yangu hayapo.

"Iliyobaki iko wapi?"

"Imeingia yote, mama."

Nikafungua boneti mwenyewe. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakitoa tena. Oili ilikuwa na rangi ya asali iliyoanza kuchafuka, imesimama kwenye alama ya juu, haijapita hata unywele. Injini ya lita 7 ikitiwa lita 10, oili inapanda mpaka mbali juu ya alama, na ukiiwasha hivyo unatafuta kuua sili, zile raba zinazozuia oili isivuje. Nikamwonyesha kijiti. Nikamwambia, saba kutoa kwenye kumi.

Akasema, "Mama, hesabu za gari siyo kupima unga."

Vijana waliokuwa pale wakaangua kicheko. Nina umri wa kumzaa yule kijana, na aliniita mama kila aliponisemesha, lakini mama ile ilikuwa inasukumwa kama mtu anavyomsukuma mbuzi atoke mlangoni. Mimi ninapima unga. Ninapima zabibu kilo kwa kilo, ninapima maji lita kwa lita, na nyumba yangu imesimama kwa kupima. Lita 3 kwa bei ile ni Sh90,000. Nikauliza, basi nipeni hata magaloni matupu. Akajibu kwamba galoni tupu ni la fundi, ndiyo utaratibu.

Utaratibu wa nani? Galoni tupu halisi, lenye lebo safi, ni mali kwa watu wabaya. Linajazwa oili ya kupima kutoka kwenye pipa, au chafu iliyochujwa, linapigwa kizibo, linarudi sokoni na kuuzwa kwa bei ileile niliyolipa mimi. Tuna TBS wa viwango, tuna Tume ya Ushindani inayofuatilia bidhaa bandia, lakini watanisaidiaje mimi kama galoni ni la kweli na kilichomo ndani si chake? Tangu siku ile, kabla ya kununua, ninashika kile kipete cha plastiki chini ya kizibo. Kikizunguka pamoja na kizibo bila kukatika, ninarudisha galoni, hata muuzaji akinuna.

Sasa oili yenyewe. Nataka niwe mkweli. Wiki zilizofuata gari lilibadilika. Ule mlio wa chuma wa asubuhi, ta-ta-ta, uliokuwa unachukua pumzi mbili tatu kabla ya kutulia, ukawa unakatika karibu papo hapo. Kijana anayenisaidia kupakia mzigo aliuona kabla sijamwambia kitu. Nyang'oro tulipanda na kreti za zabibu zilizobaki, injini ikawa inavuta bila ule ukali. Mafuta yanayotumika ni yaleyale, sindano ya joto iko palepale. Na ndani ya siku chache oili ilikuwa nyeusi, watu wakanicheka kwamba sintetiki gani hii inakuwa kama lami. Dizeli inatoa masizi, na kazi ya oili ni kuyabeba yasigande kwenye injini. Ikiwa nyeusi ujue inayabeba. Nilikuwa tayari kuandika kwamba oili hii ni nzuri mno, kila mwenye tabo aweke.

Halafu usiku mmoja nikiwa nimelala likanijia. Mimi sikuiona ikimiminwa. Mtu aliyeweza kuninyima lita 3 huku nimeshika kijiti mkononi, alishindwa nini kuninyima zote 10? Angeweza kuweka oili ya pipa, akafunga boneti, na mimi wiki zote zile nikawa nasifia filta mpya! Sikulala tena. Hasira ya siku ile ilikuwa ya Sh90,000. Hii ilikuwa kubwa kuliko hiyo, kwa sababu ilininyang'anya hata kujua gari langu limekunywa nini. Asubuhi nilimwambia kila mtu aliyeniuliza: usinunue sintetiki Dodoma, hela yako itaishia kwenye stoo ya fundi.

Nikarudi pale gereji kumwona mwenye gereji. Akanisikiliza, akasema, "Mama yangu, fundi wetu hana tabia hiyo," akanipa kitambaa cha kufutia kioo kama zawadi. Nilikiacha juu ya kaunta.

Nilichosema juu ya kutonunua ninakiondoa, kwa sababu nimeweka tena. Awamu hii nilinunua mwenyewe duka jingine, nikakagua vipete, nikamwita nyumbani mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Alifika mapema, akanisalimu "Mbukwenyi," akatandika boksi chini ya gari. Kila galoni alilipasua kizibo mbele yangu, akanipa ninuse, akamimina taratibu huku akinitaka nisome kijiti kila baada ya muda. Alipomaliza, lile galoni lililokwisha alilitoboa kwa bisibisi mara tatu bila kuambiwa. Asubuhi yake nikawasha. Mlio ulikatika palepale. Kwa hiyo oili ni nzuri, hilo sasa nalisema nimeiona kwa macho ikiingia.

Lakini sitamwambia kila mtu aweke. Mwenye Hilux ya zamani isiyo na tabo, yenye sili zilizochoka, abaki na 15W-40 na aibadilishe kwa wakati. Sintetiki inaweza kumwonyesha mvujo uliokuwa umezibwa na uchafu, na atailaumu oili bure. Na wanaokwambia ukiweka sintetiki unakaa kilomita 15,000, wao hawajapita njia zetu za kuingilia mashamba ya zabibu wakati wa kiangazi. Vumbi lile halijali umeweka oili gani. Hata kitabu cha gari kinataka upunguze umbali ukiwa wa vumbi na mizigo. Mimi nabadilisha kila 5,000, sintetiki kwa sintetiki, kwa hiyo akiba inayosemwa mimi siipati. Ninailipia tabo tu, na kuna miezi maji hayauziki ninajiuliza kama ni sawa kulipa karibu mara mbili. Kisha nakumbuka bei ya tabo nanyamaza.

Ila kwa yule fundi sibadilishi neno. Nikipita pale na mzigo natazama mbele.

Mzee alipokuwa ananawa mikono nilichukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, kavu, nikamimina kilichobaki kwenye galoni la pili. Ya kwanza ikajaa. Ya pili ikajaa mpaka shingoni, na galoni likabaki linadondosha matone.

Ziko nyuma ya kiti cha dereva, zimefungwa kwenye gunia.