Krimu ya macho yenye gololi: maoni ya dereva wa watalii

Bei kwanza, maana ndiyo itakayowakimbiza wengi: 38,000 kwa kichupa cha mililita 15, famasi moja hapa Arusha mjini. Hela hiyo inakununulia mafuta ya mgando ya nyumba nzima na chenji inabaki. Dada wa kaunta aliponitolea akauliza, "Unampelekea shemeji?" Nikamwambia ni yangu. Akacheka, kisha akanitazama vizuri usoni. "Kweli kaka, unaihitaji."

Mimi ni dereva wa watalii. Ukishavuka Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro, lami imekwisha, na kuanzia hapo mpaka Serengeti unakula vumbi. Jioni nikijiangalia kwenye kioo cha gari naona uso mzima umekuwa wa rangi ya udongo, isipokuwa vijistari safi kwenye pembe za macho, pale ngozi ilipokuwa imejikunja kwa sababu ya jua. Asubuhi kambini naamka macho yamevimba, chini yake pakavu, panawasha. Weusi nao upo, huo nilikuwa nao hata kabla ya kushika usukani.

Ngozi ya hapo si ya kuchezea. Ngozi ya kope haifiki hata milimita moja kwa unene, na tezi za mafuta eneo lile ni chache, ndiyo maana hukauka haraka. Losheni ya mwili yenye manukato ukiipaka pale, ukitoka jasho tu inateremka machoni na unaendesha huku unalia mbele za wageni.

Hii niliyonunua ina kafeini, pia glisalini na asidi ya hyaluroni za kushika unyevu, haina manukato, na mdomoni ina gololi ya chuma. Unaizungusha chini ya jicho juu ya ule mfupa, si kwenye kope, halafu unagongagonga taratibu kwa kidole cha pete, kwa kuwa hakina nguvu ya kuvuta ngozi.

Uvimbe unapungua, hilo nakiri. Kafeini hubana mishipa midogo ya damu. Ila sehemu kubwa ya kazi naona inafanywa na ubaridi wa chuma. Tukiwa tumelala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200, nilikiacha kijiko cha chai nje usiku, asubuhi nikakiweka jicho moja na krimu jicho la pili. Mwenzangu aliambiwa achague lipi ni lipi, akashindwa. Na kwa vyovyote vile, ikifika saa sita mchana uvimbe uliobaki umeshaondoka wenyewe.

Kwenye ukavu ndipo pesa yangu imerudi. Glisalini hushika maji, kwa hiyo naipaka uso ukiwa bado na unyevu baada ya kunawa, na usiku naongeza mafuta ya mgando kidogo sana juu yake ili ule unyevu usipotee na hewa kavu ya kiangazi. Muwasho umetulia. Na kwa kuwa hapawashi, sifikichi macho tena, na kufikicha kwenyewe huongeza weusi.

Weusi wenyewe uko palepale. Kwenye boksi wameandika "hung'arisha", lakini baba anao, baba mdogo anao, na krimu haiwezi kushindana na ukoo. Wengine weusi wao ni kivuli tu cha kijishimo kilicho chini ya jicho. Huyo hata apake nini.

Kuna muuza vipodozi aliyetaka kunimalizia huo weusi kwa wiki moja kwa kikopo kisicho na lebo, krimu ya kuchanganya mwenyewe. Nikamwambia asante mama, nikaondoka. Vikopo vya namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi, ambayo hukondesha ngozi, na ukiitumia karibu na jicho kwa muda mrefu inaweza kukuletea presha ya macho au mtoto wa jicho. Haidrokwinoni na zebaki nazo hukutwa humo, na zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019. Kitu kisicho na jina la mtengenezaji wala tarehe hakikaribii macho yangu.

Sasa lawama. Gololi na vumbi haviivani. Ukisahau kufunga kifuniko ndani ya gari, chembe zinanata kwenye ile gololi yenye unyevu, na ukipaka unajisugua msasa. Naifuta kwa kitambaa safi kila mara, na sasa inakaa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye dashibodi. Hapana, si kwenye dashibodi, jua la pale linaipika. Inakaa kwenye kisanduku cha katikati.

Na kama una 38,000 tu mfukoni, nunua kwanza miwani ya jua iliyoandikwa UV400 (alama ya kuzuia mionzi ya jua), yenye pembe pana zinazofunika ubavuni. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10. Miwani inazuia jua, inazuia vumbi, na inakuondolea kukunja uso kutwa. Krimu ifuate ukipata tipu nzuri.

Kichupa hiki kikiisha nitanunua tena kitu chenye viambato hivihivi, lakini cha kubinya, bila gololi. Madereva wenzangu waliokuwa wananitania siku hizi wananiomba "kidogo tu" asubuhi kambini. Siwapi. Macho mekundu yanaambukizwa hivyohivyo, na bei nimeshawatajia.