Uzoefu wangu: fensi ya mbao za paini zenye dawa, Kigamboni

Wakuu habari zenu. Watu wengi wanaopita kwangu wanasimama kuuliza kuhusu hii fensi, maana huku Kigamboni tumezoea tofali au michongoma, alafu mbao pwani kila mtu anakwambia itaisha na mchwa. Sa naandika yote hapa, mbao gani nilichukua, nilipaka nini, kipi kimekaa vizuri na kipi hakijakaa. Fensi imeshapigwa na masika na vuli na jua la katikati hapo na ule upepo wa chumvi, kwa hiyo naongelea kitu ambacho kimeshajaribiwa.

Kwanza mbao zenyewe. Ukizunguka kwenye maduka ya mbao Dar nyingi utakazokuta ni paini za kutoka Mufindi na Njombe, kule Sao Hill na mashamba ya watu binafsi. Mkongo na mninga zipo, tena kiini cha mninga mchwa hawakipendi kabisa, lakini bei yake sio ya fensi, na kiukweli mti unaokaa miaka mingi hivyo porini kwenye miombo kuukata uje usimame nje unyeshewe naona ni hasara, mninga ni wa mlango na kitanda. Mtiki wa Tanga na Morogoro ni mzuri sana nje, ila mara nyingi unachouziwa ni miti michanga ya kupunguzia shamba, sehemu nyeupe kubwa kiini kidogo, na ile nyeupe inaliwa kama mbao nyingine yoyote. Boriti za mikoko wazee wetu walijengea na zilidumu, ila leo kukata mikoko bila kibali ni kosa na bora tuiache ilinde fukwe. Mabanzi ni rahisi ila yana magamba, na chini ya gamba ndo wadudu wanaanzia.

Mimi nilichukua paini yenye dawa kwa mbao za kusimama na za kulala, na nguzo za mkaratusi (mlingoti kwa watu wa Njombe) zenye dawa pia, za duara, kama zile za umeme ila nyembamba. Na hapa kwenye nguzo naomba msome vizuri maana ndo roho ya fensi yote. Dawa ya kijani inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, inasukumwa kwa presha ndani ya mtungi mkubwa wa chuma. Inaingia kwenye ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, kiini cha mkaratusi hakiinywi. Kwa hiyo nguzo ya duara ina koti zima la dawa kuzunguka kiini, ukimruhusu fundi aichonge au aipasue katikati ipendeze umeshalivua lile koti. Fundi wangu alitaka kuzipiga randa zikae mraba, nikamwambia hapana fundi, ziache hivyo hivyo.

Alafu ule mwisho wa nguzo uliotoka kiwandani ndo unaingia chini, usikatwe. Ukitaka kupunguza urefu kata juu. Na juu kwenyewe tulikata mshazari ili maji yasikae, tukapaka dawa ya shaba ya kupaka kwa brashi kwenye kila kichwa kilichokatwa, kila kimoja, mpaka vile vifupi. Kichwa cha mbao kinanyonya maji kuliko ubavu, mbao nyingi za nje ukiziangalia zimeanza kuoza kichwani au pale zinapogusa udongo, katikati bado nzima kabisa.

Kuhusu dawa feki. Kuna duka moja nilienda, silitaji, wakanionyesha mbao za kijani safi bei ya chini, nikaomba wanikatie kipande kwa msumeno palepale. Ndani nyeupe kabisa, kijani kiko juu tu kama unene wa karatasi, yaani imechovywa au imepakwa rangi. Ya presha ukiikata paini unaona kijani imeingia ndani sana, kwenye paini changa inakaribia kufika katikati. Kwa hiyo omba ikatwe katikati ya urefu wake, sio kule mwishoni, maana mwishoni hata iliyochovywa inaonekana imeingia. Muuzaji akikataa kukata, ondoka.

Sasa usalama, hili sitanii nalo. Ile dawa ina aseniki. Marekani waliiondoa kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwisho wa 2003 kwa sababu hiyo hiyo, huku kwetu bado ipo. Unaishi nayo vizuri tu kama fensi, lakini wakati wa kukata fundi avae barakoa, maranda yafagiliwe yasibaki wanapocheza watoto, na vipande USIPIKIE. Mama mmoja jirani alikuja na ndoo kuomba vile vipande akawashie jiko, vilikuwa vikavu vizuri kweli, ikabidi nimkatalie, nikamkalisha nikamweleza mama yangu moshi wake na majivu yake yote ni sumu, nikamtafutia maranda ya mbao za kawaida kwa fundi mwingine. Matuta ya mchicha pia yasisogee kwenye nguzo.

Kusimamisha: shimo futi mbili kwa fensi ya futi tano, kokoto chini, nguzo juu ya kokoto maji yapate pa kupita, zege pembeni likapandishwa juu kidogo ya ardhi na kuteremkia nje. Ukimwaga zege likafunika mpaka chini ya nguzo umetengeneza kikombe cha maji. Mbao za kusimama zisiguse ardhi, acha kama inchi mbili, mchwa akipanda unamuona njia yake ya udongo kwenye nguzo unaibomoa mapema. Kati ya mbao na mbao tuliacha nafasi ya kidole, kusi ikivuma mwezi wa sita na wa saba upepo unapita. Misumari na skrubu zote gavanaizi, usikubali ya kawaida, chumvi ya bahari na shaba ya kwenye dawa vyote vinakula chuma, na kutu inachora michirizi myeusi kwenye mbao.

Finishing sasa. Nilijaribu upande mmoja vanishi ile inayong'aa na upande mwingine steini ya mafuta, ile inayozama ndani ya mbao bila kuacha ngozi juu. Vanishi ilipendeza mno mwanzoni, watu wanapiga picha. Jua la pwani likaifanya ianze kupasuka, maji yakaingia chini ya ufa yakakosa pa kutokea, madoa meusi, ikaanza kubanduka vipande vipande na kuirekebisha lazima ukwangue yote upige msasa upya. Steini yenyewe inafifia tu taratibu, unafuta vumbi, unapaka nyingine juu, basi. Chukua yenye rangi kidogo, kahawia au ya mtiki, ile isiyo na rangi kabisa haizuii jua na mbao inageuka kijivu haraka. Mafuta ya linsidi peke yake kwa unyevu wa huku yanashika ukungu, na matambara yake yatandaze yakauke usiyakunje kwenye kona, yanaweza kuwaka moto yenyewe. Oili chafu ya gari ndo sitaki hata kuisikia, inanuka, inachafua nguo na udongo, na haiingii ndani.

Kabla ya kupaka subiri mbao ikauke, maana ikitoka kwenye mtungi wa dawa imelowa na inataka wiki kadhaa chini ya kivuli chenye upepo. Dondoshea tone la maji, likikaa juu kama lilivyo bado, likinywewa paka. Msasa namba 80 unatosha, ukilainisha sana steini haishiki.

Kwa ujumla naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa mambo mawili, upande unaotazama magharibi unataka kupakwa mapema kuliko pande nyingine, na geti. Paini ni laini, geti la mbao tupu lilianza kulala upande wa komeo na bawaba zikalegea, nikamtafuta mtu wa kuchomelea akanitengenezea fremu ya skwea paipu, mbao tukazifunga juu yake kwa bolti. Kwa hiyo kama unaanza leo geti peleka moja kwa moja kwa wachomeleaji, na mwambie apige red oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kabla mbao hazijafungwa, maana nyuma ya mbao brashi haitafika tena.