Vita vya Mombasa ndani ya Ngome ya Yesu: tathmini ya ziara

Ziara ya historia ya vita inayofanyika katika Ngome ya Yesu haifanani na matembezi ambayo wageni wengi huyafanya wanapofika Mombasa, kwa sababu mwelekezi hampitishi mtu chumba baada ya chumba, bali humtoa vita hadi vita, tangu ngome ilipojengwa kati ya 1593 na 1596 mpaka Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Tathmini hii nawaandikia hasa wenyeji wa Pwani. Wengi wetu huingia ngomeni tukiwa wanafunzi na hatuingii tena, nasi hubaki tukiyajua majina ya Wareno kuliko ya watu wa Mvita waliopigana nao, au wakati mwingine bega kwa bega nao, ndani ya kuta zile zile. Ziara hii nimeipima kwa kipimo hicho: je, inawapa watu wa hapa nafasi yao katika vita vyao wenyewe?

Mwanzo wake ni mzuri sana. Kundi haliingizwi langoni mara moja, bali huzungushwa kwanza nje, chini ya kuta, penye handaki lililochimbwa upande wa bara. Hapo ndipo mtu anapoielewa kazi ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewachorea Wareno ramani ya ngome. Buruji zake nne zimetokezwa nje ya kuta ili askari waliomo katika moja waweze kumpiga adui anayeukaribia ukuta wa jirani yake. Mwelekezi alitusimamisha kwenye pembe ya ukuta na kutuomba tutafute mahali ambapo mshambuliaji angeweza kujibanza asionekane kutoka juu, na kila tulipoelekeza kidole alituonyesha mahali ambapo risasi ingetokea. Somo hilo la dakika chache lina thamani kuliko maandishi mengi ya ukutani.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba sababu ya kujengwa kwa ngome ilielezwa kuanzia Mombasa, si kuanzia Lisbon. Mji huu uliteketezwa na Wareno mwaka 1505 na tena mwaka 1528, lakini haukukubali kutawaliwa. Katika miaka ya 1580 ulimkaribisha Mir Ali Bey, nahodha Mturuki, kwa matumaini kwamba angewaondoa Wareno. Mwaka 1589 zikafika manowari kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, na wakati huo huo Wazimba, kundi la wapiganaji, walikuwa wamefika ng'ambo, upande wa bara, wakitokea kusini, hivyo mji ukabanwa pande zote mbili na kuvunjika. Ndipo Wareno walipoamua kukaa hapa kwa mawe na chokaa, wakamleta mtawala wa Malindi, rafiki yao, awe mfalme wa Mombasa. Msikilizaji akianza na habari hizo, huiona ngome kuwa jibu la ukaidi wa mji, na kila kinachofuata humwelea.

Kisa cha Yusuf bin Hassan nacho kilisimuliwa kwa uangalifu. Baba yake aliuawa mwaka 1614 baada ya kugombana na kapteni wa ngome. Mtoto akapelekwa Goa, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, na baadaye akarudishwa kutawala kwa niaba ya watu waliomlea. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akaurudia Uislamu, na mwanzoni mwa 1632 akazihimili manowari zilizotumwa kumwadhibu, kabla ya kuihama ngome kwa hiari yake. Mwelekezi hakumfanya shujaa asiye na doa, wala hakuyaficha mauaji ya Wareno wa mjini yaliyofuata, wakiwemo wanawake na watoto. Kisha akatuonyesha maandishi ya mwaka 1635 juu ya lango, ambamo kapteni Mreno aliyekuja baadaye anajisifu kwa kuuadhibu mwambao. Kuyatazama maandishi hayo baada ya kukisikia kisa chote ni tofauti kabisa na kuyapita tu.

Kiini cha ziara ni kule kuzingirwa kwa ngome na Waomani, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Tuliketi karibu na Njia ya Matao, ule mlango unaoshukia baharini ambao ulikuwa tegemeo la waliozingirwa kwa chakula, baruti na watu, na hapo tukaelezwa jambo ambalo watu wengi hawalijui. Maradhi yalipowamaliza karibu Wareno wote mwaka 1697, ngome haikuanguka. Ililindwa na Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wengi wao wanawake, mpaka msaada ulipofika. Waswahili walikuwa ndani na Waswahili walikuwa nje, kila upande kwa sababu zake, na mwelekezi hakuona haya kulisema hilo waziwazi. Anayezijua siasa za miji ya mwambao, za Pate na Faza na Malindi na Mvita, hatashangaa, lakini ni nadra kulisikia likitajwa mbele ya watalii. Meli za kuokoa ngome zilifika kutoka Goa siku chache baada ya ngome kutekwa, zikaiona bendera ya Oman, zikageuza.

Katika chumba cha maonyesho kuna vyombo vilivyotolewa katika Santo António de Tanna, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wapiga mbizi katika miaka ya 1970. Chukua muda wako hapo. Vilevile usiipite haraka michoro ya meli ambayo askari Wareno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, kwa maana ni kazi ya watu waliokuwa mbali na kwao, na mikono yao bado inaonekana.

Baada ya 1698 ziara hupungua nguvu, na hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Wareno walirudi mwaka 1728, na mwaka uliofuata wakafukuzwa na watu wa Mombasa wenyewe. Jambo kubwa kama hilo lilipewa sentensi moja. Utawala wa Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman uliotawala Mombasa, ulipitwa kwa namna hiyo hiyo, ingawa tulikuwa tumesimama ndani ya ukumbi wao. Hapo ilipasa tuelezwe jinsi liwali Muhammad bin Uthman alivyokataa kuwatii Wabusaidi, ukoo mpya wa watawala wa Oman, na kuuawa mwaka 1746, na jinsi nduguye Ali alivyotoroka kifungoni na kuirejesha ngome. Ilipasa pia vitajwe Vita vya Shela, ambamo Mombasa na Pate zilishindwa na Lamu, na mashairi ya Muyaka bin Haji, ambaye ulimi wake ulikuwa silaha ya Mombasa dhidi ya Seyyid Said, mtawala wa Kibusaidi wa Oman na Zanzibar, mpaka Wamazrui walipoanguka mwaka 1837. Karne nzima ambayo ngome ilikuwa mikononi mwa watu walioifanya Mombasa kuwa nyumbani kwao haifai kuwa daraja la kuvukia kwenda kwa Waingereza. Hata uasi wa al-Akida, mkuu wa askari wa ngome, uliozimwa mwaka 1875 kwa mizinga ya manowari za Kiingereza, ulielezwa kirefu kuliko yote hayo.

Mwisho wa ziara ni nje ya lango, penye mizinga miwili ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mmoja ni wa Pegasus, meli ya Waingereza iliyozamishwa bandarini Zanzibar Septemba 1914, na wa pili ni wa Königsberg, meli ya Wajerumani iliyoizamisha, ambayo nayo iliangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Wajerumani waliitoa mizinga yake melini na kuiburuta nchi kavu kwa nguvu za wapagazi. Mwelekezi alilieleza hilo vyema, akataja maelfu ya wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita hivyo.

Kwa ujumla ziara inastahili gharama yake, na kwa wanafunzi wa sekondari naiona bora kuliko ziara ya kawaida. Fika asubuhi, kwa kuwa saa ya kwanza yote hupita juani. Omba maelezo ya Kiswahili unapoweka nafasi, wala usingoje mpaka kundi likusanyike. Mkifika katika ukumbi wa Wamazrui, mwombe mwelekezi asiondoke mapema. Nilipomuuliza kando alionyesha kuwa anaijua vizuri habari ya Ali bin Uthman, ila ratiba haimpi nafasi ya kuisimulia.