Manda za filo za boksi kwa warbat ya malai: nunueni, ila boksi mlikague

Wapenzi wa vitamu, nimepikia warbat hizi manda za filo za kugandishwa zinazouzwa kwenye friza za supamaketi huku Maskati, boksi la gramu 500. Warbat ni ile pembetatu ya Washami yenye malai ndani, Ramadhani ukipita maduka ya halua ya Wasiria na Wajordani unaikuta imejaa sinia, inang'aa shira, pistachio juu. Mimi manda nazipa nyota nne kwa tano na ile moja iliyopungua ntakwambieni imekwenda wapi.

Kwanza msizichanganye na manda za sambusa, hizi nyembamba mno, ukiinua moja dirishani unaona vidole vyako kwa upande wa pili. Kwa hiyo hewa ndo adui yake, dakika chache tu zishakauka pembeni zinakatika. Ukifungua zifunike na kitambaa kilichorowekwa kikakamuliwa hasaa, maana kikiwa na maji mengi zinagandana na hapo huna manda tena una unga uliolowa.

Sasa nyota iliyopungua. Boksi limeandikwa zitoe nje masaa mawili uanze kazi, jamani kwa joto la huku? Za juu zinalainika za katikati bado barafu, ukikunjua zinakatika pale pale kwenye mkunjo. Ziweke kwenye friji (sio friza) usiku kucha, asubuhi zitoe nje nusu saa na plastiki yake hivyo hivyo, zinafunguka zenyewe bila ugomvi.

Malai ya kopo peke yake sikushaurini, ikipata moto inakuwa maji inatokea pembeni. Nusu lita ya maziwa, konfulawa vijiko vitano vya kulia, sukari viwili, koroga ingali baridi ndo uweke motoni, usiache mkono mpaka iwe nzito ya kusimama kwenye kijiko, zima, tia kopo dogo la malai na maji ya mawaridi kidogo. Iache ipoe kabisa, narudia, KABISA, malai ya moto inalowesha manda kabla hazijafika kwenye oveni.

Panga karatasi za manda nane hadi kumi, kila moja ipake samli, tena samli sio siagi, siagi ina maji na yale maziwa yake yanaungua yanaacha madoa meusi. Kata miraba, kijiko cha malai katikati, kunja pembetatu, oveni 180 kama nusu saa hivi mpaka rangi iwe ya dhahabu hata chini, inua moja utizame. Shira (sukari vikombe viwili kwa maji kimoja na ndimu) iwe ishapoa, mwagia warbat zikitoka tu motoni utasikia ile chssss. Vyote vikiwa vya moto zinalegea, na raha yote ya filo ni ule mlio ukiuma.

Kwenye kununua sasa. Kuna duka moja nilichukua boksi, kufika nyumbani ndani kumejaa chembe za barafu na karatasi zimeshikana pembeni zote, yaani ilishayeyuka ikagandishwa tena. Nairudisha, muuzaji ananambia ndo zilivyo! Sizo zilivyo. Tizama boksi, karatasi lake likiwa limelegea au lina alama za maji liache hapo hapo, na chukua la chini kwenye friza sio la juu.

Bei haiumizi ukilinganisha na kilo moja ya warbat ya dukani, na boksi moja linatoa trei kubwa na zinabaki. Zilizobaki usizirudishe friza, zifunge vizuri kwenye plastiki zikae friji siku mbili tatu, mimi huzikunjia nyama ya kusaga.