Gereji ya Nyakato iliyonibadilishia breki shuu za handibreki, waya ukaguswa mwisho kabisa

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wa Mwanza wanaokaa milimani, Isamilo, Bugando, kule juu kote, maana sisi handibreki kwetu sio kitu cha kukumbuka siku ya ukaguzi wa trafiki. Mimi nina Forester SG5 ya 2005, otomatiki, na kwa karibu mwaka mzima nilikua natembea na jiwe kwenye buti. Nikipaki naweka P, navuta handibreki mpaka juu kabisa, nashuka naweka jiwe nyuma ya tairi ndo namtoa mtoto. Ukitaka kuondoka unatoa P gari inapiga kishindo kule chini kama imegongwa, kwa sababu uzito wote ulikua umelalia kwenye gia, breki haijashika chochote.

Kabla sijafika Nyakato nilishaenda gereji nyingine mara mbili. Mara zote mbili kazi ni moja tu, wanafungua pale kwenye lever (ule mkono wa handibreki) wanakaza waya, dakika kumi, toa elfu kumi. Inashika vizuri wiki mbili hivi halafu inarudi kulekule, na ile mara ya pili ndo ilikua mbaya zaidi maana ringi ya nyuma kushoto ilianza kupata moto na harufu ya kuungua nikitoka Igoma kurudi mjini. Nikarudi wakaniambia ni kawaida, itazoea. Haikuzoea.

Sasa huyu fundi wa Nyakato, nilielekezwa na shemeji yangu, kitu cha kwanza alichonifurahisha ni kwamba hakugusa lever. Alivuta mara moja akahesabu mlio, ile tik tik ya lever inavyopanda, akapiga gari jeki, akaweka stendi, akazungusha tairi za nyuma kwa mkono moja moja, kisha akaniambia mama, hii waya sio mgonjwa, twende ndani. Kwa wasiojua (mimi sikujua), gari kama hii nyuma ina diski na pedi kwa ajili ya breki ya mguu, ila katikati ya hiyo diski pale panapofungwa nati za tairi pana dramu ndogo, na humo ndani ndo zinakaa breki shuu mbili zilizopinda kama mwezi mwandamo, kazi yake ni handibreki tu. Kwa hiyo unaweza kubadilisha pedi kila mwaka na shuu zikabaki zilezile tangu gari itoke Japani, na mtu wa pedi anaweza asizione hata siku moja.

Diski ya kulia iligoma kutoka kwa kutu. Nilijua sasa itakuja nyundo kubwa, kumbe diski yenyewe ina matundu mawili yenye nyuzi, akaingiza boliti mbili za nane akawa anakaza huku kidogo na huku kidogo, ikajisukuma yenyewe ikatoka bila kupasuka. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, aliifunga juu na waya isininginie kwenye mpira wa breki. Vumbi la ndani hakulipuliza na kompresa, alifuta na kitambaa kilicholowa na akamkataza kijana wake kupuliza kwa mdomo, alisema shuu za zamani huwezi jua zimetengenezwa na nini na lile vumbi linakaa kifuani. Hilo peke yake lilinifanya nimwamini.

Halafu akaniita nione mwenyewe. Kulia lainingi ya shuu moja, yani ule utando wa kusugua uliobandikwa juu yake, ilikua imebanduka kabisa kwenye chuma, kipande kimemeguka kimelala chini ya dramu, gundi imekufa kwa uzee. Kushoto zimeliwa mpaka karibu na chuma, akapima ikasoma milimita 1 na kidogo, wakati mpya ina 3.2 na kiwango cha mwisho ni 1.5. Yani ule waya uliokazwa ulikua unavuta pande zote, kulia hamna cha kushika, kushoto shuu inasugua dramu muda wote naendesha, ndo ile harufu. Nililipa elfu ishirini kumalizia shuu zangu mwenyewe, inaniuma hadi leo.

Upande wa spea alinipa machaguo matatu na akasema ukweli wa kila moja. Kubandika lainingi mpya kwenye chuma cha zamani ni bei rahisi zaidi ila kwa shuu ndogo hivi hakushauri, unene ukikosewa kidogo dramu haiingii. Used za kutoka Japani zipo, ila gundi nayo ina umri uleule wa gari. Mpya ilibidi ziagizwe Dar, zikaja na basi usiku, seti ya magurudumu yote mawili elfu 70, na springi na pini zake elfu 25 nyingine. Springi nilitaka kuzikataa, akanionyesha ya zamani ilivyolegea na kuliwa kutu kwenye ndoano nikanyamaza nikalipa. Ufundi elfu 50. Jumla 145,000, sio hela ndogo, ila nimeona kilichofanyika.

Kufunga ndo nilipoelewa kwa nini waya unakuja mwisho. Alisugua na msasa zile sehemu shuu zinapokaa kwenye bamba la nyuma, akapaka grisi ya joto kidogo sana, akafunga shuu, springi, akarudisha diski. Chini kule nyuma ya bamba kuna kizibo cha mpira, ukikitoa unafikia kigurudumu chenye meno, anakizungusha na bisibisi mpaka diski inakaza haizunguki, kisha anarudisha nyuma meno matatu manne mpaka inazunguka huru. Pande zote mbili. Ndipo akaenda kwenye lever akaweka waya sawa, sasa hivi inashika kwenye mlio wa saba. Ukianza na waya unakua umeficha tatizo tu.

Baadae tukatoka barabarani, spidi kama 35, kitufe cha lever kimebonyezwa, anavuta kwa upole mita mia mbili hivi ili shuu zikae na dramu, tukasubiri dakika kumi ipoe, tukarudia. Tulimalizia kwenye mlima wa kwangu, gari kwenye N, handibreki tu, mimi nimesimama pembeni nimeshika moyo. Haikusogea hata nusu inchi. Alinifundisha na mpangilio wa kupaki: kanyaga breki, vuta handibreki, achia mguu gari ijilalie kwenye handibreki, ndo uweke P. Kile kishindo asubuhi hakipo tena.

Nisichokipenda: aliniambia siku moja ikawa siku mbili na nusu, simu hapokei akiwa chini ya gari, na hakuna hata benchi la kukaa, nilikaa kwenye ndoo ya oili na mtoto mgongoni. Pia risiti ni lazima uombe. Ila nilivyorudi baada ya wiki tatu kuangalia upya kama alivyoniagiza, alikaza jino moja kila upande na hakuchukua hela. Ukienda nenda asubuhi kabla ya saa mbili, ana stendi nne tu, gari mbili zikishapanda unasubiri mpaka jioni, na mwambie mwenyewe kabisa kwamba unataka afungue ndani, usimwambie akaze.