Ripoti mbili za 2009: moja kimya, moja kelele

Mwaka 2009 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliandika tathmini mbili. Ya Januari 26 ilihusu wenye siasa kali wa mrengo wa kushoto, na ikapita kama upepo. Ya Aprili 7 ilihusu wale wa mrengo wa kulia. Ilipovuja, watangazaji wa kihafidhina wakaja juu kwamba serikali ya Obama inawageuza wapinzani wake kuwa magaidi. (Zote mbili zilitolewa Obama akiwa tayari ameapishwa.)

Tofauti iko kwenye maneno. Ya kwanza ilijikita kwenye mbinu moja, mashambulizi ya mtandaoni. Ya pili ilichomeka kwenye tanbihi fasili pana mno: siasa kali huweza kujumuisha hata watu wa hoja moja, mfano kupinga utoaji mimba au uhamiaji. Ikaongeza kwamba wanajeshi wanaorudi kutoka vitani wanaweza kurubuniwa na wenye siasa kali. Waziri wa wizara hiyo, Janet Napolitano, akawaomba radhi wanajeshi wa zamani.

Tanbihi ile ilistahili lawama. Ila kelele zilifunika onyo la msingi, la mshambuliaji anayetenda peke yake. Juni 10 mwaka huohuo, mbaguzi mwenye miaka 88 alimpiga risasi na kumuua mlinzi wa Makumbusho ya Holocaust (mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi), Washington.