FreeCell kwenye kompyuta kuukuu ya steshenari

Steshenari yangu ipo Majengo, Dodoma, na kompyuta ya kuchapia bado ina Windows 7. Sababu ni FreeCell, mchezo wa karata wa kwenye kompyuta. Wateja wakikauka mchana, napanga karata. Haili bando, haina matangazo, na tofauti na Solitaire, karata zote unaziona tangu mwanzo. Ukikwama ni kichwa chako, si bahati. Isipokuwa mchezo namba 11982! Niliukomalia siku tatu, mpaka mwanangu akaniambia kati ya ile michezo 32,000 yenye namba ya FreeCell ya zamani, huo ndio pekee usiotatulika. Siku tatu jamani. Minesweeper, ule wa kukwepa mabomu? Kubahatisha kwingi, namwachia yeye. Windows 8 ya 2012 ilikuja bila michezo hii, kwa hiyo fundi akitaka kunipigia Windows mpya, namwuliza kwanza karata zangu zitakwenda wapi.